Mama Mkwe na Mpishi Walivyopewa Orodha Moja

Sikuchomoa waya. Nalitanguliza hili ili anayesoma asianze kunihurumia na kuniambia kwamba kukosea ni ubinadamu. Najua kukosea ni ubinadamu. Lakini kosa hili lina mwenyewe, na mwenyewe alikuwa anakula mezani kwangu na kulala chini ya paa langu.

Nilifanya usafi katika ofisi ile miaka kumi na mmoja. Ilikuwa ghorofa ya tatu: ukumbi mkubwa wenye meza ishirini na mbili, vyumba vitatu vya wakubwa, vyoo viwili, na mwisho wa korido chumba kidogo. Upande mmoja wa chumba hicho ulikuwa stoo yangu ya ndoo na mopu. Upande wa pili palikuwa na kabati la chuma lenye kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kazi ya watu wale ilikuwa kuandika programu.

Shule sikwenda. Kusoma nilikuokota ukubwani, mezani kwangu, kwenye madaftari ya mtoto wa marehemu mdogo wangu. Mama yake alifariki mtoto akiwa hajaota meno ya mbele, nikamchukua. Yeye alikuwa akichora herufi, mimi namenya viazi na kuchungulia. Alipofika darasa la tatu nami nilikuwa nasoma. Yeye aliendelea, mimi nikaishia hapo. Nilimwita Binti, na ndivyo nitakavyomwita hapa, kwa sababu jina lake sitaki kulitia kinywani.

Watu wa kompyuta wana sifa ya kuwa wasafi kwa sababu mikono yao haina grisi. Awasifu asiyewafanyia usafi. Mimi nimekwangua chingamu chini ya meza zao kwa kisu. Nimetoa kucha zilizokatwa kutoka katikati ya vitufe vya kuandikia. Nimeosha vikombe vilivyoota manyoya ya kijani, mwenye kikombe amekaa pembeni anaongea habari za usalama wa data. Mwingine alikuwa akisukutua mdomo kwenye sinki ya kuoshea vyombo, akimaliza ananiambia, "Mama, sinki inanuka." Inanuka mdomo wako, baba. Lakini hilo nililimeza.

Mmoja tu alikuwa mtu. Walimwita Babu Koma. Babu, kwa sababu alikuwa na miaka arobaini na sita na wenzake wote ndevu zao zilikuwa za kuhesabu. Koma, kwa sababu wakati fulani alitafuta kosa siku mbili nzima, mwisho akakuta ni koma moja aliyoisahau. Alikuwa akifika saa moja asubuhi, anajichemshia chai, na ananichemshia mimi pia. Mambo ya kazi yao niliyapata kwake.

"Kuna programu yetu hapa tunaiita Mama Mkwe," aliniambia. "Inasoma kila tulichoandika na kuguna. Mstari ukiwa mrefu, inaguna. Umeweka kitu hukukitumia, inaguna. Haipiki, haifui. Kazi yake ni kutazama ulivyopika wewe."

"Na mkimjibu?"

"Mama mkwe hajibiwi, mama. Unarekebisha, au unamzuia asiingie chumba hicho."

Kumzuia kulikuwa hivi. Waliandika orodha ya vitu ambavyo Mama Mkwe asivitazame. Kulikuwa na mafaili ambayo hayakuandikwa na mtu, yalitengenezwa na mashine, mistari yake mirefu kama reli. Yalikuwa mazuri na yalifanya kazi yake, ila sura mbaya. Mama Mkwe akiyaona anapiga kelele mpaka jioni. Basi wakayatia kwenye orodha yake: haya fumbia macho.

Halafu kulikuwa na programu ya pili, Mpishi. Huyu ndiye aliyeishi katika kabati la chuma, stoo kwangu. Kila alasiri alichukua yote waliyoandika, akayapika katika sufuria moja, akafunika, ikatumwa kwa wateja. Naye alikuwa na orodha yake, ya vitu visivyoingia chunguni: majaribio, madondoo, takataka zao.

"Orodha mbili," nilisema.

"Mbili. Zinafanana kama mapacha, ndiyo maana wavivu hutaka kuziunganisha."

Nililielewa hilo upesi kuliko alivyotarajia, kwa sababu lilishanitokea kwa mopu. Mlangoni mwa stoo nilikuwa na karatasi ya meza zisizofutwa. Meza sita. Wenyewe walikuwa na makaratasi wameyapanga wanavyojua wao, ukipitisha kitambaa wanalia kama wamefiwa. Mwaka fulani nilikwenda msibani wiki nzima, kampuni ikaleta mwanamke wa kushikilia. Mtu akamwonyesha ile karatasi, akamwambia afuate hiyo. Akafuata. Zile meza sita hakuzifuta, na vikapu vyake vya taka hakuvimwaga, na vikombe vyake hakuviokota. Kwake meza isiyofutwa ikawa meza isiyoguswa kabisa. Niliporudi Jumatatu nilikuta maganda ya ndizi yamekuwa uji mweusi, mayai yamepasuka ndani ya mfuko, na funza wanatembea kwenye zulia kama watu waliotoka ibadani. Nilikwenda chooni nikatapika, nikarudi nikamaliza. Wenye meza walikuwa wamekaa palepale siku tano, wameziba pua, wakinisubiri mimi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mikono.

Babu Koma alicheka mpaka akavua miwani. "Mama," akasema, "kisichofutwa si kisichobebwa." Nikachana ile karatasi nikabandika mbili.

Mwaka wa kumi wa kazi yangu niliona tangazo ubaoni, wanatafuta mwandishi wa programu. Binti alikuwa amemaliza chuo, anashinda ndani anakunja uso. Nilimpelekea habari. Alipopata kazi, jioni ya siku hiyohiyo alinikalisha.

"Mama Mkubwa, kazini tusijuane."

"Tusijuane vipi?"

"Watasema nimeingizwa na ndugu. Unajua watu."

"Ndugu mwenye mopu anamwingiza mtu wapi?"

"Mama Mkubwa, tafadhali. Ni kwa muda tu, mpaka nithibitishwe."

Nilikubali. Mjinga akierevuka, mwerevu yuko mashakani, lakini mimi nilichelewa kuerevuka. Miezi kumi na mmoja nyumbani alinipa shikamoo, na ofisini aliniambia "habari, mama" bila kuinua macho. Alikuwa akirusha ganda la ndizi kwenye kikapu kutoka alipokaa, kama walivyofanya wenzake. Likianguka pembeni haliokoti. Mimi nilikuja nikaliokota. Mtoto niliyemfundisha kuokota punje ya mchele sakafuni.

Sasa nije kwenye Jumanne ile. Babu Koma alikuwa likizo. Ilikuwa alasiri, nafuta kioo cha dirisha karibu na meza ya Binti, nikamsikia anawaambia wenzake.

"Hizi orodha mbili za nini? Kila siku ukiongeza kitu huku unasahau kule. Nimemwambia Mpishi asome ya Mama Mkwe. Moja inatosha."

"Safi," mmoja akasema. "Hata mimi zilikuwa zinanichosha."

"Umejaribu?" mwingine akauliza.

"Cha kujaribu nini? Ni orodha."

Wakacheka. Mimi niliendelea na kioo. Ningemwambia nini, mbele ya watu, mimi ambaye hatujuani?

Baada ya hapo nilisugua sakafu ya korido kwa mashine. Waya niliuchomeka kwenye soketi ya korido, ile ya karibu na ngazi.

Asubuhi ya Jumatano, saa tatu, simu zikaanza. Wateja wao wakubwa walikuwa hospitali za watoto. Muuguzi anaandika uzito wa mtoto, programu inamwambia dawa kiasi gani. Siku hiyo ukurasa ule ulifunguka mweupe, hauna hata namba moja. Wauguzi wakatoa vitabu vya zamani makabatini wakaanza kupekua. Hakuna mtoto aliyedhurika, nashukuru kwa hilo, lakini akina mama walisimama foleni na watoto wenye homa mgongoni mpaka mchana.

Mnaona kilichotokea. Jedwali la dawa, lile lililobeba vipimo vya ukurasa ule, lilitengenezwa na mashine, kwa hiyo lilikuwa kwenye orodha ya Mama Mkwe: usilitazame. Mpishi akaisoma orodha ileile kwa kazi yake: usilitie chunguni. Akapika bila hilo, akafunika, akatuma. Yalikuwa mambo ya zile meza sita tena, ila hapa kilichoachwa kikaoza hospitalini.

Saa nne nilikuwa nimeinama chini ya meza ya Binti nabadilisha mfuko wa taka. Nilimwona akishika mdomo. Alitazama kushoto, akatazama kulia, chini hakutazama, maana chini nilikuwepo mimi. Kisha akaandika haraka haraka. Kabla ya adhuhuri ukurasa ulikuwa umerudi hospitalini.

Mkurugenzi akaita kikao. Wao hukutana wamesimama, mduara, ukumbini. Walikuwa kumi na wawili. Mimi nilikuwa nakusanya vikombe.

"Nataka sababu," mkurugenzi alisema. "Mteja anataka sababu leo."

Binti akasafisha koo.

"Labda seva ilizimika Mpishi akiwa katikati ya kazi. Labda waya uliguswa. Kule stoo."

Hakunitaja. Hakuhitaji. Shingo kumi na moja ziligeuka kunitazama, ya kumi na mbili ilibaki imeinama, nayo ilikuwa yake. Na mimi nilikuwa na doa. Miaka mitatu nyuma kweli nilichomoa waya ule ili nichomeke mashine ya sakafu, na nilikwenda mwenyewe kusema. Binti alilijua hilo kwa sababu nilimsimulia nyumbani, nikicheka.

"Mama, jana ulisugua sakafu?" mkurugenzi akauliza.

"Nilisugua. Nilitumia soketi ya korido."

"Una uhakika?"

"Ninao."

Alitabasamu kama mtu anayemtazama mtoto mwenye sukari mdomoni anayesema hakulamba. Mwanamke wa utumishi akanisogelea, akanishika bega kwa vidole viwili, kama unavyoshika kitambaa cha chooni. "Mama, pumzika nyumbani kidogo, tutakuita. Ufunguo wa stoo niachie mimi." Nilimpa. Nilishuka ngazi ambazo nilikuwa nimezisugua mwenyewe, nikapita kwa mlinzi, na mlinzi alikuwa ameshasikia. "Pole, mama, umri nao," akasema. Nina miaka arobaini na tisa.

Kazi ya usafi mtu hupata nyingine. Lakini ukishasemwa kwamba unaziba kosa lako kwa uongo, kila mlango utakaobisha jina hilo limetangulia kuketi. Nilichotaka ni kimoja: wale kumi na wawili waambiwe.

Saa kumi na mbili jioni Binti alirudi na mkate na maziwa. Hajawahi kurudi na mkate siku ya kazi.

"Mama Mkubwa, usijali. Nitaongea nao polepole."

"Utaongea nini?"

"Kwamba umri umeenda, wakufikirie."

"Jedwali la dawa lilikuwa kwenye orodha ya Mama Mkwe?"

Alinitazama kama kiti kimemwuliza swali. "Nani kakuambia mambo hayo?"

"Nimefagia miguuni penu miaka kumi na mmoja. Masikio sikuwa nayaacha nyumbani."

Akakaa. Akaanza kulia, na hata kulia kwake kulinichefua, maana alikuwa akijifuta pua kwa kitambaa changu cha meza.

"Mwezi huu ndio wanathibitisha, Mama Mkubwa. Wakijua ni mimi nimekwisha. Wewe utapata kazi popote. Ni usafi tu."

"Ni usafi tu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Ulimaanisha. Kula mkate wako."

Usiku ule na siku nne zilizofuata tuliishi kama wapangaji. Nilisubiri aseme mwenyewe. Alhamisi hakusema. Ijumaa hakusema. Jumamosi alisuka nywele.

Jumatatu nilisimama chini ya jengo saa moja kasorobo mpaka Babu Koma akafika kutoka likizo. Nilimweleza yote: orodha, kioo cha dirisha, mfuko wa taka, na zile "labda" mbili za kikaoni. Nilimweleza kama ninavyoeleza hapa, ila jina la mtu sikulitaja. Hakusema nisubiri wala nisisubiri, alipanda juu. Baada ya nusu saa akarudi bila koti.

"Kompyuta ile ina siku mia mbili na kumi haijazimwa hata dakika," alisema. "Yenyewe huhesabu. Ingechomolewa ingeanza moja upya."

"Hakuna aliyetazama?"

"Ni jambo la kutazama mara moja tu. Hakuna aliyetaka." Akapangusa miwani. "Orodha ilibadilishwa Jumanne saa tisa na dakika kumi. Kila badiliko lina jina la mtu. Ni yule binti mpya. Nikipeleka kwa mkurugenzi atapata tabu, mama. Bado hajathibitishwa."

"Ni mwanangu," nikamwambia. "Wa marehemu mdogo wangu. Nimemlea tangu hana meno."

Mlinzi aliacha kupekua gazeti.

"Kwa hiyo nifanyeje?"

"Peleka."

Msinitazame vibaya. Najua wanaosema damu nzito kuliko maji, na wengi wao hawajawahi kutolewa mbele ya watu kwa damu hiyo.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Babu Koma, naye alisimulia akiwa ameona aibu. Mkurugenzi alikusanya watu mchana huohuo. Alisoma karatasi: chanzo ni kwamba orodha ya Mama Mkwe ilitumiwa na Mpishi. Kuanzia leo ziwe mbili tena, na kila moja iandikwe juu yake ni ya nani. Kisha akasema, "Hapa kwetu hatumlaumu mtu. Tunalaumu utaratibu." Wakapiga makofi. Binti alishukuriwa mbele ya wote kwa kuurudisha ukurasa kabla ya adhuhuri. Uthibitisho wake haukuguswa.

"Na mimi?" nilimwuliza. "Karatasi inasema nini juu yangu?"

"Haikutaji."

"Popote?"

"Popote, mama. Nilisema, wakasema si lazima."

Watu hawa wana utaratibu wa kutomlaumu mtu, ila utaratibu wenyewe unaanzia kwenye meza. Asiye na meza haumfikii.

Mwanamke wa utumishi alipiga simu siku ya pili. Sauti yake ilikuwa ya asali. "Mama, habari njema, njoo uchukue ufunguo wako. Vyoo vina hali mbaya huku."

"Wale kumi na wawili mmewaambia kwamba waya haukuguswa?"

"Hayo yameisha, mama. Hatutafuti mchawi."

"Mlimtafuta mkampata. Ni mimi. Sasa nataka nitangazwe kwamba si mchawi."

"Mama, tusikuze mambo."

Nikakata simu. Vyoo vyao nilivijua, na najua siku sita bila mimi vilifikia wapi. Wavitazame wenyewe, wana macho mengi.

Jioni Binti aliingia amechangamka, kama aliyetua mzigo.

"Mama Mkubwa, umesikia? Urudi tu. Hakuna aliyekasirika."

"Nani akasirike? Mimi ndiye mwenye hasira."

"Basi imekwisha. Mkurugenzi kasema urudi."

"Kasema sikuchomoa?"

"Wanajua."

"Wanajua, au wameambiwa?"

Alivua viatu polepole. "Unataka nini hasa?"

"Kesho mtasimama mduara wenu. Simama useme: nilijua tangu saa nne asubuhi, nikanyamaza, nikamwachia mama yangu mkubwa. Maneno kumi tu. Sitaki kingine."

"Mbele ya watu?"

"Mimi nilitolewa wapi, chumbani?"

"Watanionaje, Mama Mkubwa? Watasema nilimkana ndugu yangu."

"Watasema ulichofanya."

Sikumharakisha. Nilikunja nguo, nikazipanga. Alikuwa na nafasi yote ya kusema ndiyo. Alipofungua mdomo alisema, "Siwezi. Niombe kingine chochote. Nitakulipia hata kodi ya nyumba, upumzike kabisa usifanye kazi."

Hapo ndipo nilipomaliza. Alikuwa tayari kunilisha maisha yangu yote ili asiseme maneno kumi. Nilihisi kile nilichohisi nilipowaona funza kwenye zulia, ila hapa sikuwa na mahali pa kutapikia.

"Basi tafuta chumba," nikamwambia.

"Unanifukuza?"

"Huko hatujuani. Na hapa tusijuane."

Alidhani nitalala niamke nimepoa. Wiki ilipita. Kila asubuhi nilimwuliza, "Leo utasema?" Kila jioni nilimwuliza, "Ulisema?" Siku ya tisa alijibu kwa kuleta gari dogo la mizigo. Dereva alibeba kitanda, Binti akabeba nguo na kile kioo chake kirefu. Majirani walitoka kutazama. Mama wa nyumba ya pili alinivuta pembeni akaniambia, "Mwenzangu, mtoto ni mtoto. Mezea." Nilimwambia nimemeza miaka kumi na mmoja na bado naisikia kooni.

Sasa nasafisha ghala la nafaka. Kuna panya na vumbi la pumba, na msimamizi ni mtu wa kelele, lakini akikosea husema nimekosea, na mimi nikikosea husema umekosea. Babu Koma ndiye aliyenipeleka huko, na alimweleza msimamizi kisa chote kabla sijaulizwa.

Binti hutuma ujumbe siku za Jumapili. Huandika shikamoo, huuliza hali ya goti langu, husema amepandishwa cheo, husema ananikumbuka. Lile jambo haliandiki. Nasoma ujumbe mpaka mwisho, kila mara, kwa sababu huenda likawepo kwenye mstari wa chini. Likikosekana nazima simu, namwachia shikamoo yake bila marahaba.